Hapa Hatusomi Namba

"Mbwa wangu anasali," Orville Tisdale alikuwa amesema kwenye simu, na kwa sababu ya maneno hayo tu, Jumatatu ile, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Naibu Sherifu Ardith Pruett alikuwa ameketi jikoni kwa mzee huyo, mbele ya glasi ya chai ya barafu asiyoigusa.

Siku nyingine asingekwenda. Wazee wanaoishi peke yao huipigia ofisi ya sherifu kwa kila jambo, kuanzia popo darini hadi jirani aliyekata tawi lisilo lake. Lakini mbwa wa Tisdale hakuwa mbwa hivihivi. Alikuwa mmoja wa wale sita walioachwa majira ya baridi kwenye sanduku la tufaha, langoni kwa Wanetta Oglesby anayeokoa mbwa. Na Ardith tangu Jumamosi alikuwa akitafuta pa kuanzia.

Ijumaa yeye na wenzake walivamia shamba la Delbert Hackworth, wakatoa mbwa hamsini na wanane kwenye vizimba vya waya, majike waliozalishwa mwaka baada ya mwaka bila kukanyaga ardhi, ili watoto wao wapelekwe madukani mijini. Kiwanda, ndivyo watu wa huku Missouri wanavyopaita mahali kama pale. Kazi ikaonekana imekwisha. Jumamosi muuza chakula cha mifugo akasema, hata hakuulizwa, kwamba mzee Hackworth kila wiki alikuwa akibeba magunia ya kutosha mbwa tisini. Basi ama mzee alikuwa akilisha mizimu, ama kulikuwa na mbwa wengine thelathini na kitu, wamefungiwa mahali, na mlishaji wao yuko rumande. Nje joto lilikuwa nyuzi thelathini na nane. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki ya sita.

"Huwa saa ngapi?" Ardith aliuliza.

"Treni ndiyo saa yake," alisema Orville. Alikuwa tarishi mstaafu, mwembamba, mkono wa kushoto mweusi kuliko wa kulia kwa kuutoa dirishani mwa gari la posta miaka thelathini na moja. "Ya mawe, inayotoka machimboni. Inapita karibu na saa kumi, siku zote za kazi. Utaona mwenyewe. Nisije nikaambiwa nimeanza kuchanganyikiwa."

"Nani kasema?"

"Binti yangu. Yeye hulisema jambo hilo kila Jumapili, kwa upole."

Mbwa alikuwa chini ya meza, kijike kidogo cheupe, masikio kama vitambaa. Orville alikuwa amempa jina Stempu. Kwa miezi mitano alikuwa amemfundisha kula kwenye bakuli, kukanyaga nyasi, kupanda ngazi mbili. Mlango ndio uliomshinda. Mlango ukiwa wazi, Stempu husimama kizingitini mpaka abebwe.

Ardith aliweka simu yake dirishani, akaifungulia kinasa sauti.

Honi ilikuja kutoka mbali, ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja, kama wanavyopiga madereva wa treni kila reli inapokata barabara. Stempu akainuka. Hakukimbia. Alirudi kinyumenyume, polepole, mpaka matako yakagusa ukuta wa kona, uso ukielekea katikati ya chumba. Hapo akainua mguu wa mbele wa kulia. Akaushusha. Akainua wa kushoto. Kisha wa nyuma mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayetembea bila kwenda. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka. Koo likatuna. Sauti haikutoka.

Vinyweleo vya mikono ya Ardith vilisimama, na jikoni mlikuwa na joto la tanuri.

Treni ikapita, vikombe vikalia kabatini, ikapotea. Mbwa aliendelea kuinua miguu dakika nzima katika ukimya. Halafu akajikung'uta, kuanzia masikio hadi mkia, akarudi chini ya meza.

"Kona ile," Orville alisema kwa sauti ya chini, "palikuwa na kiti cha Maxine. Mke wangu. Alifia palepale, mwaka wa tatu huu. Mimi si mtu wa mambo hayo, Bi Ardith, lakini mbwa huona. Nadhani anamsujudia."

"Bwana Tisdale, kabla hajarudi chini ya meza, alifanya nini?"

"Alijikung'uta."

"Mbwa hujikung'uta hivyo lini?"

Mzee aliinama kumtazama mbwa. "Akitoka majini," alisema.

"Na huyu mkavu kama mkate wa juzi." Ardith aliinuka, akaichukua simu yake. "Simo katika habari za mkeo, na Mungu amrehemu. Lakini mbwa huyu haogopi treni wala hamwoni mtu. Anangoja kinachokuja baada ya honi. Na kinachokuja ni maji."

*

Makazi ya Wanetta Oglesby yalikuwa mabanda ya zamani ya bata mzinga, yaliyopigwa rangi ya maziwa. Mtu akisimama nje angedhani hamna kitu ndani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini kimya cha pale hakikuwa na mshindo hata mdogo. Mbwa hamsini na wanane, na hakuna aliyebweka. Daktari wa mifugo alikuwa amewaangalia makoo siku ya Jumamosi, akatoka nje kuvuta sigara aliyoiacha miaka sita nyuma. Bomba, alisema. Walisukumiwa bomba kooni wakiwa wadogo, ili wasiweze kubweka, jirani asisumbuke.

Ndani ya banda walikuwa wamefunguliwa chumba kikubwa chenye majani makavu, lakini kila mmoja alikuwa akizunguka palepale aliposimama, mzunguko wa mita moja, usiozidi, kama bado kuta za waya zilikuwapo. Wote walikuwa wakizungukia kulia. Katikati yao watu wanne wa kujitolea walikaa chini wakiwageuzia mbwa migongo, maana uso wa mtu uliwatisha. Mmoja alikuwa akisoma kwa sauti orodha ya mbegu za bustani, nyanya, maboga, figili, ili wazoee sauti ya binadamu isiyowataka kitu.

"Usiwatazame machoni," Wanetta alinong'ona. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini, mikono imejaa makovu ya meno. "Na usisimame mlangoni. Mlango ndio mahali mkono ulipoingilia."

"Nataka kuwasikilizisha kitu."

"Kitawaumiza?"

"Sijui. Kwa hiyo nakuomba ruhusa."

Wanetta aliitikia kwa kichwa. Ardith akaicheza honi ya treni kwa sauti yote ya simu. Mbwa hamsini na wanane waliendelea kuzunguka. Mmoja alipiga chafya.

"Wale sita wa majira ya baridi. Amebaki mmoja kwako?"

"Fern. Hajapata wa kumchukua kwa sababu anauma. Simlaumu, mimi pia ningeuma."

Fern alikuwa chumba cha nyuma, amelala kwenye blanketi. Ardith aliicheza honi tena. Fern akainuka, akarudi kinyumenyume hadi ukutani, akaanza. Kulia. Kushoto. Mdomo ukifunguka na kufumba bila neno.

"Yesu wangu," Wanetta alisema. "Sijawahi kumwona hivyo. Huku treni haifiki."

"Wala kwa Hackworth haifiki. Ni maili kumi na moja hadi relini, nimepima. Kwa hiyo hawa sita hawakuishi kwa Hackworth. Lakini kibati walichovaa shingoni, ulinieleza, kilikuwa kama vya hawa."

"Shaba, namba imepigwa kwa msumari, pembe moja imekatwa. Ni vilevile."

"Viko wapi?"

Wanetta alitazama nje, juu barazani, na Ardith akafuata macho yake.

Vilining'inia pale, mamia ya vibati vya miaka kumi na minne, vimefungwa kwa nyuzi za kuvulia samaki kwenye ukingo wa gurudumu la baiskeli. Upepo mdogo wa alasiri ulivigusa. Vikalia, sauti nyembamba, kama meno yanayogongana. Ardith aliona kwamba hakuna mbwa hata mmoja aliyelala upande ule wa baraza.

"Ni desturi yetu," Wanetta alisema. "Siku ya kwanza, kabla ya kuoga, kabla ya chakula, tunakata kibati na kutoa jina. Kibati kinapanda juu. Kila kikilia tunasema, huyo yuko huru."

"Na vya Ijumaa?"

"Vya Ijumaa pia. Tulikata usiku uleule."

"Wanetta! Ule ni ushahidi. Nilisema msiguse kitu mpaka nipige picha."

"Vilikuwa shingoni mwao miaka minane. Nisingeweza kungoja miaka minane na siku moja."

"Mliandika namba?"

"Hapa hatusomi namba," Wanetta alisema, na alilisema kama mtu anayesema sala. "Ni sheria ya nyumba. Atakayesoma namba anafukuzwa kazi, hata kama halipwi. Hapa tunaita majina."

Ardith alivuta kiti, akapanda. Alipata upande wenye shaba yenye pembe iliyokatwa, akavishika kimoja kimoja, akiandika kwenye daftari. Ilimchukua dakika ishirini. Vya Ijumaa vilikuwa moja hadi hamsini na nane, hakuna kilichorukwa. Vile sita vya majira ya baridi vilikuwa uzi mmoja, vimeshaanza kuwa vya kijani. Alivisoma kwa sauti.

"Mia na tatu. Mia na kumi na saba. Mia ishirini na moja. Mia ishirini na tisa. Mia thelathini na nne. Mia thelathini na nane."

Wanetta alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

"Hakuna sitini," Ardith alisema. "Hakuna themanini. Anaanza upya kwenye mia. Hilo ni zizi la pili. Kama namba zinaishia mia thelathini na nane, ni mbwa thelathini na wanane, na wewe una sita, basi wamebaki thelathini na wawili. Hesabu ya magunia inalingana."

"Miezi mitano," Wanetta alisema. "Miezi mitano vinalia juu ya kichwa changu."

Ardith alishuka kitini. Akatia daftari mfukoni.

Alipofika kwenye pikapu, Wanetta alimfuata akimvuta mbwa mzee mwenye jicho moja, mwindaji wa masikio marefu, mtulivu kama bibi kanisani.

"Mchukue Opal. Utawapata, lakini hawatatoka. Unafungua mlango, wanabaki. Watu huwavuta, na mbwa anavunjika hapohapo, hata hatengenezeki tena. Sharti atangulie mbwa mwenzao. Opal amevusha mia mbili."

*

Jumanne asubuhi Delbert Hackworth aliletwa chumba cha mahojiano na kijiti cha meno mdomoni. Miaka sabini na moja, shati limepigwa pasi.

"Ardith Pruett," alisema. "Mama yako alinunua mbwa kwangu. Alikufa?"

"Mbwa au mama?"

"Yeyote."

"Wote. Wakili wako anakuja?"

"Amesema nisiongee nawe. Lakini sikuona vibaya kukusalimia."

"Basi sikiliza tu. Zizi la pili. La mia."

Kijiti kilihama kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia. "Sijui unachosema, binti."

"Leo ni siku ya tano, mzee. Joto hili. Ukinionyesha leo, nitamwambia hakimu ulinionyesha. Ukiacha wafe kwa kiu..."

"Hakuna anayekufa kwa kiu," Hackworth alisema.

Alilisema haraka, kama fundi aliyetukanwa kazi yake. Kisha akakitoa kijiti mdomoni, akakitazama, akamwita askari amrudishe.

Ardith alibaki amekaa. Mzee hakusema hakuna mbwa. Alisema hakuna kiu. Na njaa hakuitaja.

*

Nyumba ya Hackworth ilikuwa na pazia kila dirisha. Barazani, kando ya mlango, mabuti ya mpira yalikuwa yamepinduliwa juu ya vigingi kukauka. Chini yao, mbao zilikuwa na duara mbili za unyevu. Ardith aliinama kuyagusa. Ndani yalikuwa bado majimaji.

Oleta Hackworth, mke wa mzee, alimpokea nyuma ya mlango wa wavu wa mbu, bakuli la maharage mabichi kwapani. Hakuufungua.

"Karibu, Bi Ardith. Nisamehe sitoki. Delbert hapendi nitoke akiwa hayupo."

"Delbert yuko rumande, Bi Oleta."

"Najua. Lakini hapendi."

"Naona mabuti yameloa."

"Bustani."

Ardith aligeuka akaitazama bustani. Mahindi yalikuwa yamesimama yamekauka kama karatasi. Ardhi ilikuwa imepasuka hata mtu aweze kutia mkono.

"Bustani hii haijaona maji tangu Juni."

Oleta alikata ncha ya haragwe kwa ukucha, akalivunja mara tatu, akalitia bakulini. Alichukua jingine. "Ni kubwa," alisema. "Sijafika upande huo."

"Bi Oleta, mumeo ana mbwa mahali pengine?"

"Mambo ya mbwa ni ya Delbert."

"Na mambo yako ni yapi?"

Oleta alilifikiria swali kweli, midomo ikicheza. Halafu macho yakaenda kwenye saa ya ukutani nyuma yake. Saa nane na nusu. Akaliweka bakuli sakafuni.

"Itabidi uende sasa," alisema. "Samahani. Itabidi uende."

Ardith aliegesha pikapu njia panda, nyuma ya mti, akangoja gari la Oleta litoke. Opal alilala kitini akihema. Saa tisa ikapita. Saa tisa na dakika ishirini alishindwa kuvumilia, akarudi. Mlango wa wavu ulikuwa umefungwa. Mabuti hayakuwapo. Nyuma ya banda kulikuwa na njia ya trekta inayokata shamba kwenda kusini, na vumbi lake lilikuwa bado linaelea.

Alijitukana kwa sauti, Opal akasikia. Kisha akampigia Orville Tisdale.

"Tarishi hasahau njia," alimwambia. "Kusini kwa Hackworth, reli inakata barabara mara ngapi?"

"Mara mbili. Kwenye ghala la nafaka, na kwa Gerke."

"Nataka jengo lenye sakafu ya zege na mfereji wa kutoa maji machafu. Mtu anaosha ndani, kwa pampu yenye kelele. Anaosha treni ikipita tu, ili jirani asijiulize pale panaoshwa nini."

"Basi achana na ghala, lile lina njiwa tu," Orville alisema. "Ni kwa Gerke. Zizi la kukamulia maziwa. Ng'ombe waliuzwa, sanduku la barua likang'olewa, lakini mita ya umeme nilikuwa naiona inazunguka. Nilidhani watu wa umeme wamesahau. Bi Ardith. Ni miaka tisa. Nilipita pale kila siku."

*

Zizi la Gerke lilikuwa la matofali ya saruji, refu, la chini, madirisha yamepigiliwa mabati. Lango lilikuwa na mnyororo. Hakuna gari lililoonekana, hakuna sauti, hata ya panzi. Ardith alisimama barabarani, mahali pa umma, akampigia hakimu.

"Anasali," hakimu alirudia. "Ardith, unataka niandike hivyo kwenye hati ya upekuzi? Kwamba mbwa wa tarishi anasali?"

"Namba zinalingana, mheshimiwa. Na mabuti."

"Mabuti si kosa. Niletee kitu ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, siyo alichokiona mbwa. Nipo hapa mezani."

Honi ikalia. Ndefu mbili, fupi, ndefu. Opal aliinua kichwa tu. Treni ikaingia kati ya miti, mabehewa ya mawe, ardhi ikatetemeka, na chini ya ngurumo ile Ardith akasikia ngurumo nyingine ndogo, ya injini. Treni ikaisha. Injini ikaendelea kidogo, ikakohoa, ikanyamaza.

Hakikutokea kitu. Alitazama zizi, akatazama lango, akatazama saa. Ndipo Opal akashusha pua kwenye mtaro wa kando ya barabara.

Mtaro ulikuwa mkavu kama unga. Kutoka kwenye bomba chini ya ua, ulimi wa maji ulikuwa ukitambaa juu ya vumbi, wa kijivu, polepole, ukisukuma mbele yake mafungu ya nywele nyeupe.

Ardith alichutama. Akampigia tena hakimu. "Naona maji, mheshimiwa. Yanatoka zizini kwa Gerke. Yana manyoya ya mbwa."

"Ingia," alisema hakimu.

Alikata mnyororo kwa mkasi wa kukatia chuma. Nyuma ya zizi, pikapu ya Hackworth. Kando ya mlango, Oleta amesimama na mpira wa maji mkononi, mdomo wa mpira ameutia kwenye tundu la ukuta lenye ukubwa wa tofali moja. Matone yalikuwa bado yanaanguka. Hakushtuka kumwona. Alimtazama kama mtu anayengoja kuambiwa afanye nini baadaye.

"Umewapa chakula?"

"Aliniambia maji. Dakika tano, treni ikipita. Maji huosha, na wanalamba." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kwa moyo. "Chakula ni kazi ya Delbert. Chakula kiko ndani."

"Na wewe?"

"Mimi nisivuke mlango."

"Alikwambia lini?"

"Tulipopata zizi hili."

Mlango haukuwa na kufuli. Ulikuwa na kishikio tu. Ardith aliuvuta.

Giza, na harufu iliyomchoma macho. Kwanza hakusikia kitu, akadhani amechelewa. Kisha akasikia mvua. Mvua nyembamba, ya haraka, juu ya bati, ndani ya jengo, siku ambayo mbingu ilikuwa tupu. Alisimama mpaka macho yakazoea, na mvua ikawa makucha. Ukuta hadi ukuta, ghorofa mbili za vizimba, na katika kila kizimba mbwa ameegemeza matako nyuma, amelowa, anainua mguu na kuushusha juu ya waya, mguu na mguu, na midomo yote inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba, na hakuna sauti hata moja.

Alihesabu kwa tochi. Thelathini na wawili. Wawili hawakuinua miguu.

Alirudi mlangoni, akaita redioni gari la daktari, blanketi, watu. Dakika arobaini, walisema. Akapita akifungua milango ya vizimba, bila kutazama macho, bila kusimama mbele yao. Wa ghorofa ya juu aliwashusha chini mmoja mmoja, wepesi kama vikapu vitupu. Hakuna aliyetoka. Walisimama kila mmoja mahali alipowekwa, wakazunguka mita moja, kulia.

"Opal," aliita.

Mbwa mzee alipanda kizingiti, akaingia, makucha yakigonga zege bila haraka. Alimnusa mmoja. Alikaa chini, akawapa mgongo, kama watu wa Wanetta. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akainuka, akatembea kwenda nje kwenye jua, akasimama, akageuza kichwa.

Kijike kimoja chenye kibati shingoni kilimfuata hadi kizingitini. Kikainua mguu. Kikauacha hewani. Kisha kikauweka upande wa pili, juu ya nyasi zilizokauka, na mwili ukafuata, ukitetemeka. Nyuma yake akaja wa pili. Nyuma ya wa pili wakaja watatu.

Wawili wale walikuwa bado wanapumua. Ardith aliweka kiganja ubavuni mwa mmoja, akahisi. Hawangeweza kutembea, na walihitaji kivuli cha nje, maji ya chumvi kidogo, na mikono ya watu wawili, sasa, siyo baada ya dakika arobaini.

"Bi Oleta! Njoo unisaidie kubeba."

Oleta alikuwa amefika mlangoni. Mpira wa maji ulikuwa umeanguka. Mbwa walikuwa wakipita kando ya mabuti yake kwenda nje, na yeye alikuwa akitazama ndani, kwenye giza alilolimwagia maji miaka tisa bila kuliona.

"Siwezi," alisema. "Hapendi."

"Wanakufa, mama. Vuka."

Buti la kulia likapanda. Likarudi palepale. La kushoto likapanda, likarudi. La kulia tena. Mdomo wa Oleta ulifunguka, ukafumba, ukafunguka.

Ni Opal aliyeona. Aliwaacha wenzake juani, akarudi taratibu, akasimama kando ya mabuti yale. Hakumnusa mwanamke wala hakumlamba. Alisimama tu, bega likigusa goti. Kisha akavuka kizingiti, hatua mbili ndani, akaketi, akampa mgongo.

Akangoja.

Buti la kulia la Oleta Hackworth likapanda, likakaa hewani, likashuka upande wa ndani.